Dawa ya nywele: kwanza tutazame nani yuko nyumbani



Wiki hii tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifunika kwa kitambaa. Nywele zinakatika, zinang'oka, paji la uso linapanda kila mwaka, utosi unabaki wazi. Kanisani tunafunga kitambaa, sokoni tunavaa peruki, na hata mama na binti yake wanaolala chumba kimoja hawaambiani. Kwa kuwa hatuambiani, tunanunua dawa kimya kimya na kuipaka kimya kimya, na ikitudhuru tunaumia kimya kimya vilevile. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kukosa nywele hakuui mtu. Lakini dawa ya nywele ikitumiwa bila kujua, inaweza kumfikia mtu ambaye hakuipaka: mtoto aliye tumboni, mtoto anayenyonya, mtoto anayechezea chupa chini ya kitanda.

Kwetu jambo hili lilikuja kwa njia ya likelemba. Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kusimulia bila kumtaja jina, aliomba zamu yake ya kupokea makuta isogezwe mbele. Tulipomuuliza ni kwa ajili ya nini, alikaa kimya kidogo, kisha akafungua kitambaa. Pembeni mwa paji la uso, pande zote mbili, ngozi ilikuwa laini na wazi. Katikati ya kichwa nywele zilikuwa chache, unaona ngozi kati yake. Mtoto wake wa miezi sita alikuwa mapajani, ananyonya. Akatuambia: "Mchuuzi mmoja ameniletea dawa kutoka Kampala. Chupa tatu na vidonge vya mwezi mmoja. Anataka makuta yake Jumamosi."

Hatukumcheka. Nywele za mwanamke si mchezo, na wanaosema ni upuuzi hawajawahi kuingia katika harusi ya shemeji wakiogopa upepo. Huyu mwenzetu alikimbia vita upande wa Djugu, akajifungua akiwa hapa mjini kwa watu, akaugua malaria mara mbili. Alituambia kwamba alipoteza nyumba na mashamba na hakulia sana, lakini siku alipoona nywele zimejaa mkononi akioga, alilia mpaka jirani akaja. Kwa hiyo tulikubali kwamba hitaji lake ni la kweli. Swali lilikuwa moja tu: je, dawa hii ndiyo msaada anaouhitaji, na itamgharimu nini zaidi ya makuta?

Kati yetu yuko muuguzi. Tulimwomba asome maandishi ya chupa na ya vidonge, kisha tukachukua karatasi na kuigawa sehemu mbili: upande huu faida, upande ule hatari. Yale tuliyojifunza siku ile, na yale tuliyoongeza baadaye kwa kuuliza madaktari, ndiyo tunayowaletea leo.

Nywele zinatoka kwa sababu gani?

Jambo la kwanza muuguzi alilotuambia ni kwamba kutoka nywele si ugonjwa mmoja. Ni kama homa: homa ya malaria na homa ya tifoidi zote zinachoma mwili, lakini dawa zake si moja.

Kila kichwa kina nywele karibu 100,000, na kila siku zinatoka kati ya 50 na 100 bila shida yoyote, kwa sababu nyingine zinaota mahali pake. Mwanamke akiwa mja mzito, homoni za mimba zinazishika nywele zisitoke. Ndiyo maana wengi wetu tukiwa na mimba tunasifiwa kwa nywele nzuri. Baada ya kuzaa, homoni zinashuka, na zile nywele zote zilizokuwa zimeshikwa zinaanza kutoka kwa pamoja. Hii huanza karibu mwezi wa tatu baada ya kujifungua, nayo inatisha sana. Lakini kwa wengi inakoma yenyewe, na mtoto akifikia mwaka mmoja nywele zimerudi au ziko njiani. Hakuna dawa inayohitajika hapo. Kinachohitajika ni chakula, usingizi, na mtu wa kutuambia mapema kwamba itatokea.

Homa kali, upasuaji, njaa, na mshtuko mkubwa wa moyo vinafanya vivyo hivyo. Nywele hazitoki siku ile ya msiba. Zinatoka miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu amesahau kuunganisha mambo hayo mawili. Sisi wa Ituri, ambao kila mwaka tuna jamaa zinazokimbia na kulala chini ya mahema, tunalijua hili kwa macho, hata kama hatukujua maelezo yake. Upungufu wa damu nao una sehemu yake, hasa upungufu wa madini ya chuma kwa wanawake wanaozaa watoto kwa kufuatana na wanaotokwa na damu nyingi kila mwezi.

Aina ya pili ni ile ya pembeni mwa paji la uso na juu ya masikio. Hiyo inatokana na mkono wetu wenyewe: meshi nzito, masuko yanayokaza mpaka macho yanavutika, peruki inayobanwa kwa gundi. Huko Cape Town, Afrika Kusini, daktari Nonceba Khumalo na wenzake walichunguza vichwa vya watu wazima, na mwaka 2007 waliandika kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa amepoteza nywele kwa kuvutwa. Ikiwa mwanamke ataacha kukaza mapema, nywele hurudi. Akiendelea kwa miaka mingi, shimo la nywele linafunga na kuwa kovu, na hapo hakuna chupa ya Kampala wala ya Paris itakayolifungua.

Ziko aina nyingine. Ipo inayoanza utosini, na kwa wengine inawasha au inachoma, nayo huacha kovu. Hiyo inawapata sana wanawake weusi na inahitaji daktari bila kukawia. Ipo ya madoa ya mviringo yanayotokea kwa ghafula, ambayo ndiyo aliyotangaza kuwa nayo Jada Pinkett Smith, mwigizaji wa Marekani ambaye mumewe alimpiga mtu kofi mbele ya dunia nzima mwaka 2022 kwa sababu ya mzaha juu ya kichwa chake. Yapo mapunye ya watoto, ambayo ni kuvu na yanatibiwa kwa vidonge vya kuvu. Na ipo ile ya jamaa, ambayo mama alikuwa nayo na bibi alikuwa nayo: mstari wa katikati ya kichwa unapanuka polepole mwaka kwa mwaka. Dawa za kuotesha nywele zinazouzwa sana zilitengenezwa hasa kwa ajili ya hii ya mwisho.

Tulipomtazama mwenzetu kwa macho hayo, tuliona mambo mawili yamekutana. Katikati ya kichwa ni uzazi, malaria na mshtuko. Pembeni ni meshi. Ile ya jamaa hakuwa nayo. Mama yake ana nywele nyingi mpaka leo.

Ndani ya chupa kuna nini?

Chupa ilikuwa ya minoksidili. Kwenye kibandiko huandikwa Minoxidil, na wengine wanaijua kwa jina la Rogaine. Historia yake ni ya ajabu kidogo. Haikutengenezwa kwa nywele. Ilikuwa kidonge cha presha, kwa watu ambao presha yao ilikataa kushuka kwa dawa nyingine, nacho kilikubaliwa Marekani mwaka 1979. Wagonjwa waliokimeza wakaanza kuota nywele usoni na mikononi. Ndipo wakaifanya maji ya kupaka kichwani: kwa wanaume mwaka 1988, kwa wanawake mwaka 1991.

Tunasimulia hili kwa sababu moja. Dawa hii, hata inapopakwa, ndani yake bado ni ile ile iliyofungua mishipa ya damu. Wengi wanaoipaka hawapati shida kubwa. Wengine kichwa kinawasha na kubabuka. Wengine wanaota nywele kwenye mashavu na kidevu, hasa wakitumia ile ya asilimia 5 badala ya ile ya asilimia 2. Wachache wanasikia moyo kwenda mbio, kizunguzungu, au wanavimba mikono na miguu. Hao wanapaswa kuacha na kwenda hospitali siku ile ile. Na kichwa chenye vidonda au kilichochomwa na dawa ya kulainisha nywele kinaifyonza dawa zaidi, na hatari inaongezeka.

Halafu kuna mambo mawili ambayo mchuuzi hasemi. La kwanza, majuma ya mwanzo nywele zinaweza kutoka zaidi kuliko zamani, kwa sababu zile za zamani zinapisha mpya. Mama asiyejua anatupa chupa au anaongeza kipimo mara mbili. La pili, faida yake huonekana baada ya miezi minne au zaidi, na ukiacha, nywele ulizopata zinatoka tena katika miezi michache. Maana yake bei ya chupa siyo bei ya dawa. Bei ya dawa ni chupa kila mwezi, mwaka kwa mwaka. Tulipofanya hesabu hiyo kwenye karatasi, mwenzetu aliguna.

Lakini lililofunga mjadala ni maandishi madogo yaliyo upande wa nyuma. Yalikuwa kwa Kiingereza, na kijana wa sekondari alitusomea pamoja na muuguzi: isitumiwe na mwenye mimba wala anayenyonyesha. Minoksidili inaweza kupita kwenye maziwa. Na mtoto alikuwa pale mapajani.

Watoto wa Hispania

Mama mmoja katika kikao aliuliza, kama sisi tungeuliza wote: "Kitone kidogo kichwani kwa mama kitamfanya nini mtoto?"

Tunajibu kwa mambo mawili yaliyotokea Hispania. Mwaka 2019, watoto wachanga zaidi ya 15 katika mikoa mbalimbali walianza kuota nywele mwili mzima: paji la uso, mashavu, mikono. Wazazi walishangaa, maana watoto walikuwa wakinywa dawa ya tumbo tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika kiwanda dawa mbili zilichanganywa: ndani ya chombo kilichoandikwa dawa ya tumbo kulikuwa na minoksidili. Dawa ilipoachwa, nywele hizo zikaanza kutoka.

Mwaka 2023, mkoani Navarra, mtoto mwingine aliota nywele mgongoni na miguuni. Huyu hakunywa kitu. Baba yake ndiye aliyekuwa akipaka minoksidili kichwani, naye ndiye aliyekuwa akimlea na kumbeba siku nzima. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na mtoto analamba kila kinachomfikia mdomoni. Baba alipoacha dawa, nywele za mtoto zilipungua mpaka zikaisha. Wachunguzi walipotafuta, walikuta kesi nyingine kama hiyo katika nchi za Ulaya, na wakubwa wa dawa huko wakaagiza onyo liwekwe kwenye karatasi ya dawa: yule anayepaka asiruhusu ngozi ya mtoto iguse mahali alipopaka.

Sasa tutazame nyumba zetu. Ni nani kati yetu ambaye mtoto wake hashiki nywele zake akiwa mgongoni? Ni nani ana kitanda chake peke yake? Mto mmoja tunalalia watatu. Karatasi ya dawa iliandikwa kwa mtu mwenye chumba chake na kabati lenye ufunguo. Sisi tunapaswa kuisoma tukikumbuka chumba chetu.

Na vile vidonge?

Muuguzi alipogeuza karatasi ya vidonge, alinyamaza, akasoma tena. Ilikuwa finasteridi, ambayo huandikwa Finasteride. Hii ni dawa ya wanaume. Ilianza mwaka 1992 kama dawa ya tezi ya kiume ya wazee, na mwaka 1997 ikakubaliwa kwa vipara vya wanaume. Mwanamke mwenye mimba, au anayeweza kuwa na mimba, haruhusiwi kuimeza. Hata kidonge kilichovunjika au kusagwa hapaswi kukigusa kwa mkono. Sababu ni kwamba dawa hii inazuia homoni inayotengeneza sehemu za siri za mtoto wa kiume akiwa tumboni, na mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro hapo.

Mwenzetu alikuwa na mtoto wa miezi sita, na mume yuko nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uhakika kwamba mimba nyingine haiko njiani. Wengi wetu tulibeba ya pili kabla hedhi haijarudi. Na mchuuzi alikuwa amemwambia avunje kidonge nusu kwa nusu ili kidumu miezi miwili.

Hapa tunasema neno kwa ajili ya waume zetu pia, maana wako wanaokitumia kidonge hiki kwa siri kama sisi tunavyoficha chupa. Kwa wanaume wachache kinapunguza hamu ya ndoa na nguvu za kiume. Na mwaka 2025 wakubwa wa dawa wa Ulaya walithibitisha kwamba baadhi ya wanaoitumia wanapata mawazo ya kujiua. Mama akiona mume wake amezama katika huzuni ambayo haina jina, pamoja na mambo mengine aulize kwa upole kama kuna kidonge anachomeza. Tena kuna jambo la damu. Hapa kwetu mwanamke akitokwa na damu wakati wa kuzaa, ni ndugu na majirani wanaokimbilia hospitali kutoa damu. Huko Marekani, mwanaume aliyemeza finasteridi anaombwa asubiri mwezi mmoja baada ya kidonge cha mwisho kabla ya kutoa damu, ili isije ikaingia kwa mwenye mimba. Shemeji au kaka anayetoa damu aseme wazi kile anachotumia.

Yale yanayoitwa "vitamini tu"

Wapo waliosema: basi tuache dawa za wazungu, tutumie vitamini za nywele na mafuta ya sokoni. Nayo tuliyapima.

Vidonge vya nywele na kucha mara nyingi vina biotini nyingi. Biotini haina sumu inayojulikana, lakini ikiwa nyingi mwilini inaweza kudanganya mashine za maabara: kipimo cha tezi ya shingo au cha moyo kinatoa jibu lisilo la kweli. Mwaka 2017 Marekani ilitoa onyo juu ya hilo, baada ya mgonjwa mmoja kufa kwa sababu kipimo chake cha moyo kilionyesha kwamba yuko mzima. Ukienda kupimwa damu, mwambie wa maabara kwamba unameza vitamini hizo.

Vidonge vya damu, vile vyekundu vya madini ya chuma tunavyopewa CPN, vinamsaidia aliye na upungufu wa damu. Asiye na upungufu havimwoteshi nywele. Vinamfungia tumbo tu. Na vikimezwa na mtoto mdogo kama pipi ni hatari ya kifo. Viwekwe juu, mbali.

Krimu zilizo na dawa kali kama klobetasoli, ambazo wengine wanazitumia kujichubua, zinapakwa pia kichwani kwa sababu zinatuliza kuwasha. Daktari anaweza kuziandika kwa muda mfupi kwa ugonjwa fulani. Ukizipaka mwenyewe miezi na miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na dawa inaingia mwilini. Na mafuta ya chupa isiyo na jina la kiwanda wala orodha ya vitu vilivyomo, hatuwezi kuyapima hata kidogo. Kisichoandikwa hakipimiki.

Mizani ilivyolala

Mwenzetu hakununua. Aliamua mwenyewe, sisi tulishika karatasi tu. Likelemba ilimpa makuta kama alivyoomba, na sehemu yake aliitumia kupimwa damu hospitali. Damu ilikuwa imepungua kweli. Alipewa vidonge vya chuma, alitoa meshi, akanyoa nywele fupi, na tukakubaliana kila anayepika sombe au lengalenga au maharage amwekee sahani mpaka apate nguvu. Sasa mtoto ana mwaka na miezi miwili. Katikati ya kichwa nywele zimejaa. Pembeni bado kuna mahali pamebaki wazi, na muuguzi hakumficha kwamba huenda hapatajaa. Anasuka masuko laini yanayoangukia pale, naye anasema yanamtosha.

Lakini msidhani tunasema dawa hii ni mbaya kwa kila mtu. Mama mwingine wa kikundi chetu, aliyevuka miaka hamsini, hazai tena, na mstari wa katikati ya kichwa chake unapanuka kama ule wa mama yake. Yeye alikwenda kwa daktari kwanza, kwa sababu ana presha. Daktari alipima presha na moyo, akamruhusu minoksidili ya asilimia 2, akamwambia arudi baada ya mwezi. Alifanya hesabu ya mwaka mzima na watoto wake wakubwa, nao wakakubali kuchangia. Mjukuu aliyekuwa akilala naye alihamia kwa shangazi. Anapaka mapema jioni ili kichwa kikauke kabla ya kulala, ananawa mikono kwa sabuni, anabadilisha foronya, na chupa inakaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Mwezi wa kwanza nywele zilitoka zaidi, akavumilia kwa kuwa alijua. Nywele mbili tatu zimeota kidevuni. Anazinyoa na kucheka. Baada ya mwaka mstari umepungua, haujaisha. Anasema kwake faida imezidi.

Dawa ni ile ile, mizani imelala upande mwingine. Tofauti haikuwa ujasiri wa mmoja na woga wa mwingine. Ilikuwa umri, maziwa, mimba, kitanda, na sababu ya nywele kutoka.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tumeyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mahali tunapokutana. Mnaweza kuyanakili.

1. Nywele zangu zinatoka wapi: pembeni, utosini, madoa, au kichwa kizima? Zilianza lini, na miezi mitatu kabla ya hapo kulitokea nini?

2. Nimepimwa damu? Kama kichwa kinauma, kinachoma, kinatoa usaha au ngozi inang'aa kama kovu, niende Hospitali Kuu ya Bunia, CME, au kituo cha afya kilicho karibu kabla ya kupaka chochote.

3. Jina la dawa lililoandikwa ni lipi, na ni asilimia ngapi? Likiwa kwa Kifaransa, natafuta maneno grossesse na allaitement. Likiwa kwa lugha nisiyoijua, nampa mtu wa kunisomea, asiwe yule anayeuza.

4. Nina mimba, naweza kuwa nayo, au nanyonyesha? Nina presha au moyo unaokwenda mbio? Natumia dawa gani nyingine? Na kama nashuku kwamba dawa ninayopewa kwa ugonjwa mwingine, au njia yangu ya kupanga uzazi, ndiyo inayonitoa nywele, nimuulize muuguzi, nisiiache mwenyewe.

5. Nani analala nami, nani nambeba, na chupa itakaa wapi?

6. Naweza kuinunua kwa mwaka mzima?

Mwenye kujibu maswali haya sita na bado akataka dawa, tunamtakia heri na tutamsindikiza kwa daktari. Anayekwama katika moja, asilipe bado. Nywele za uzazi zitarudi wakati yeye anasubiri. Za kuvutwa zitashukuru kwa kufunguliwa leo.

Kikao kijacho kitakuwa siku yetu ya kawaida. Tunaomba kila mama mwenye chupa, krimu au vidonge vya nywele nyumbani avilete ndani ya mfuko, bila aibu na bila kueleza ni vya nani. Muuguzi atakuwepo, na yule kijana wa sekondari atatusomea maandishi madogo.